Tumlaze mdogo wetu au tumtibu nyumbani?

SWALI

Shikamoo Daktari. Naandika kuhusu mdogo wangu wa kike, umri wake miaka 31, mwalimu wa shule ya msingi. Tangu ndoa yake ivunjike anaishi nyumbani kwa mama hapa Morogoro pamoja na mtoto wake wa miaka minne. Hospitali walisema ana sonona, ugonjwa wa huzuni kali, wakampa vidonge vya fluoksetini, akavinywa siku 12, akaviacha kwa kuwa hakuona nafuu. Ikifika saa tisa usiku yuko macho, chakula ni vijiko viwili vitatu, kuoga mpaka tumbembeleze, na kazini hajaenda kwa miezi miwili. Kaka yetu anataka tumpeleke Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama hataki hata kulisikia jina hilo. Anasema akishalazwa huko litamfuata maisha yake yote, na yeye amepata kambi ya maombi ya siku 40. Binamu yetu aliyeko Nairobi ametutumia habari za kituo binafsi chenye bustani nzuri, ambako mgonjwa hukaa siku 90 na malipo yote hutangulia. Wiki iliyopita mdogo wangu alimpa binti wa jirani hereni zake za dhahabu akasema hana kazi nazo tena, na kuna siku aliniambia mtoto wake atalelewa vizuri zaidi na mimi, lakini hajawahi kusema kuwa anataka kufa. Je, ugonjwa huu ni wa kulazwa kweli? Na kama ni wa kulazwa, ni wapi?

JIBU

Marahaba, dada yangu, na poleni sana nyumbani. Umeuliza wapi pa kumlaza, nami nitafika hapo, lakini kwa ruhusa yako naanza na zile hereni.

Umezitaja karibu na mwisho wa barua, kama mtu anayegusia jambo la pembeni, kisha ukajituliza kwa kusema kwamba hajawahi kutamka kuwa anataka kufa. Nimekaa na wagonjwa wa sonona kwa miaka mingi, na katika barua yako nzima hakuna sentensi iliyonishtua kama hiyo. Mtu anayegawa vitu alivyovipenda, anayemtafutia mtoto wake mlezi, anayesema vitu vyake havina kazi tena, anaweza kuwa anaaga bila kulitumia neno kifo hata mara moja. Huenda sivyo, huenda ni huzuni tu iliyomwondolea hamu ya kujipamba. Lakini jambo hili halikisiwi, huulizwa, na kuliuliza ni kazi ya leo jioni, kabla familia haijakaa kikao cha kujadili Mirembe wala Nairobi.

Watu wengi huogopa kuuliza wakidhani kuwa swali lenyewe litampa mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zilizoichunguza hofu hiyo hazikuiona kuwa ya kweli, na mimi mwenyewe nimeona mara nyingi mgonjwa akiulizwa kwa upole anashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Kaa naye mahali pasipo na mtoto wala jirani, mwambie umeona ametoa hereni zake na moyo wako haujatulia, kisha muulize kwa maneno yaliyo wazi: je, unafika mahali ukatamani usiamke? Umewahi kufikiria kujiua? Umeshafikiria namna, au siku? Usilizungushe swali kwa kuuliza kama anataka "kufanya jambo baya," maana anaweza kukujibu hapana akiwa na jambo jingine kabisa akilini. Usimwambie kuwa anamkosea Mungu, wala usimtaje mtoto ili kumtia haya. Mtoto anamkumbuka kila saa. Tatizo ni kwamba ugonjwa umemwaminisha kuwa mtoto huyo atakuwa na heri zaidi bila yeye.

Akikiri kuwa anafikiria kujiua, na hasa kama ameshapanga namna ya kufanya, safari ni usiku huo huo, kwenye idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya mkoa, wewe na mtu mzima mwingine mkiwa naye njia nzima. Akikataa kabisa, bado asilale peke yake mpaka aonwe na daktari, na miadi hiyo iwe kesho, isiwe wiki ijayo. Dawa zote zilizomo nyumbani, zikiwemo za wazee, pamoja na sumu za panya na za wadudu wa shambani, zitolewe nje ya nyumba au ziwekwe chini ya kufuli ambalo ufunguo wake anao mtu mmoja anayejulikana. Usilione hili kuwa dogo. Fikra za kujiua huja kwa mawimbi, na wimbi kali kuliko yote huweza kupita ndani ya saa chache au hata dakika. Mara nyingi kinachotenganisha aliyepona na asiyepona ni kama kitu cha hatari kilikuwa karibu wimbi lilipomkuta.

Sasa nije kwenye kulazwa. Familia nyingi hulichukua swali hili kama swali la ukubwa wa ugonjwa: sonona ndogo ni ya nyumbani, sonona kubwa ni ya hospitali. Mimi huliuliza hivi: wiki hii mgonjwa anahitaji kitu gani ambacho nyumba yake haiwezi kumpa, na je, wodi mnayoweza kuifikia inaweza? Kama hakuna kitu cha namna hiyo, kumlaza ni kumtenga na watu wake bila faida. Kama kipo, kumbakiza nyumbani kwa kuwa tunampenda ni kumpa upendo mahali panapohitaji muuguzi.

Watu walio wengi wenye sonona hupona bila kulala hospitali hata usiku mmoja, na mama angefaa kulijua hilo ili asidhani kuwa madaktari hukimbilia vitanda. Katika vijiji vya Rakai na Masaka huko Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa vikundi vya wanakijiji waliokutana kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakuwa na vikundi. Mjini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha akina bibi kuwasikiliza wagonjwa na kuwasaidia kutatua shida zao wakiwa wamekaa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Matokeo ya jaribio lao, lililohusisha watu 573 katika zahanati 24, yalitoka mwaka 2016, na baada ya miezi sita waliokaa kwenye mabenchi yale walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ninaziheshimu sana kazi hizi mbili, na ninatamani kila kata yetu ingekuwa na benchi lake. Hata hivyo, hazikukusudiwa kuchukua nafasi ya wodi kwa mtu asiyelala, asiyekula na anayeaga. Kwenye mabenchi ya Harare mwenye nia ya kujiua hupelekwa mbele kwa wataalamu.

Niruhusu nikuonyeshe usiku wa kwanza wodini, kwa kuwa naamini mama anaogopa mahali ambapo hajawahi kupaona. Muuguzi wa mapokezi hulifungua begi mbele ya mgonjwa na ndugu yake, akakiandika kila kitu kwenye daftari, na vyenye makali au kioo vikarudi nyumbani na ndugu. Mgonjwa tunayemhofia hupewa kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi. Usiku, muuguzi wa zamu hupita na tochi ameielekeza sakafuni ili asimmulike mtu usoni, akasimama kidogo kukiangalia kifua kikipanda na kushuka, akaandika saa na kutia sahihi. Kwa mgonjwa aliye hatarini sana, mzunguko huo hurudiwa kila baada ya dakika 15. Asubuhi huletwa uji, na kikombe kinaporudi, muuguzi mwema haandiki kwamba mgonjwa amekunywa uji, anaandika nusu kikombe au robo. Kidonge humezwa mbele yake. Hayo ndiyo mambo yanayoitwa kulazwa, na ukiyatazama vizuri, ni kukesha, kulisha na kuhakikisha dawa inaingia, kazi ambazo ninyi nyumbani mmekuwa mkizifanya kwa miezi bila zamu na bila mapumziko.

Linganisha na nyumba yenu. Anaamka saa tisa usiku, na saa ya kabla ya alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote kwa wengi wenye sonona kali. Je, nani anaamka naye? Kama ni wewe, utaweza usiku mwingine 20 huku kazi yako na watoto wako vikikungoja? Nimewaona ndugu wenye mapenzi makubwa wakisinzia usiku wa kumi, nao hawana kosa lolote, kwa kuwa binadamu mmoja hawezi kuwa zamu tatu.

Lakini sitaki kukupambia wodi. Katika nchi yetu wodi za afya ya akili mara nyingi zimejaa, wauguzi ni wachache kuliko wanavyohitajika, na mgonjwa wa sonona anayetaka kimya anaweza kulala kitanda cha pili kutoka kwa mgonjwa anayeimba usiku kucha. Mtoto atamlilia mama yake. Wodi haitaponya ndoa iliyovunjika, na mazungumzo marefu ya kisaikolojia, ambayo atayahitaji sana akishapata nguvu, mara nyingi hupatikana vizuri zaidi kliniki baada ya kutoka. Ndiyo maana nasema kulazwa kuwe kwa kazi maalumu, na kazi hiyo ikiisha arudi nyumbani.

Kuhusu vidonge, siku 12 hazitoshi kusema kuwa fluoksetini imeshindwa. Dawa hizi huanza kuonyesha dalili za kusaidia kati ya wiki ya pili na ya nne, na kazi yake kamili huonekana kwenye wiki ya sita hadi ya nane, ilhali kichefuchefu, kichwa kuuma na mahangaiko ya mwili huja siku za mwanzo. Kwa maneno mengine, mgonjwa hulipa kwanza na kupokea baadaye, na asipoambiwa hivyo mapema huacha katika siku zile zile ambazo mdogo wako aliacha. Asianzishiwe tena kienyeji nyumbani kwa vidonge vilivyobaki. Daktari atazame upya kama dawa na kiwango vinamfaa. Atauliza mambo ambayo ninyi ndugu mnayajua kuliko mgonjwa. Je, amewahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, kulala saa mbili tatu na asichoke, kutumia fedha ovyo na kusema haraka haraka mpaka mkashangaa? Kama ndiyo, huenda ana baipola, ugonjwa unaomrusha mtu kati ya huzuni kali na uchangamfu uliopitiliza, na dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha upande wa pili. Je, anasikia sauti, au anaamini ametenda dhambi isiyosameheka, au kwamba mwili wake umeoza? Ataomba pia vipimo vya damu, kwa kuwa tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, upungufu wa damu, VVU na maradhi mengine huweza kujifanya sonona au kuizidisha. Vipimo hivi vyote vinaweza kufanywa mtu akitoka nyumbani, lakini kwa mtu aliyedhoofika hivi, wiki moja ya wodi hufanya kilichoshindikana kwa miezi miwili ya kwenda na kurudi.

Basi hukumu yangu, kwa yale uliyoniandikia, ni hii: mdogo wako aonwe na daktari bingwa wa afya ya akili ndani ya saa 24, na mimi naelekea upande wa kumlaza. Si kwa sababu ya huzuni yake, bali kwa sababu mambo manne yamekutana kwa mtu mmoja: dalili za kuaga, kutokula, kutolala, na dawa iliyoachwa. Kila moja kati ya hayo likiwa peke yake tungeweza kulibeba nyumbani. Ningebadili shauri hili kama daktari, baada ya kukaa naye peke yake, angeridhika kuwa hana nia ya kujiua, akaanza kula na kunywa walau nusu ya kawaida yake, akakubali dawa mkononi mwa ndugu mmoja, na nyumbani kukawa na watu wazima wawili wa kupokezana usiku, huku kliniki ikimwona mara mbili kwa wiki. Hayo yakiwepo yote, nyumbani ni pazuri. Likikosekana hata moja, nyumbani si salama. Na kulazwa ninakokusema mimi ni kwa wiki mbili, tatu, pengine nne, si miezi.

Kuhusu mahali, anzeni na hospitali ya rufaa ya mkoa hapo hapo Morogoro, hata kama mwisho wa safari ni mbali. Hapo ndipo atakapopimwa, akapewa maji ya mshipa kama amekaukiwa, na akaandikiwa rufaa. Wakiwa na kitanda na mtu wa afya ya akili wa kumwangalia, mimi ningeridhika alale karibu na nyumbani, ambako mtoto anaweza kuletwa kumsalimia na wewe ukapita baada ya kazi. Wakiona anahitaji zaidi ya wanachoweza, kuna Muhimbili upande wa Dar es Salaam na Mirembe upande wa Dodoma, na kwa treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 pote pawili si mbali kama zamani. Karibu kwa ndugu si anasa. Mgonjwa anayetembelewa huamini upesi zaidi kwamba bado anahitajika.

Mama amelikataa jina la Mirembe, na sitamcheka hata kidogo. Hospitali hiyo ipo tangu mwaka 1927, na kwa vizazi vitatu jina lake limetumiwa mitaani kama tusi. Mtoto akifanya utundu anaambiwa atapelekwa Mirembe. Mzazi aliyekua akisikia hivyo ana haki ya kuogopa. Ndugu zetu wa Nairobi wanaifahamu hofu hii hii kwa jina la hospitali yao ya Mathari, iliyoanza mwaka 1910. Mwambieni mama kwamba leo Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, yenye madaktari bingwa na wagonjwa wanaoingia na kutoka kwa wiki chache kama hospitali nyingine. Mwambieni pia jambo ambalo yeye kama mama atalielewa kuliko sisi wote, kwamba jina baya huishi na mtu aliye hai, na aliye hai anaweza kulisafisha. Ninawajua walimu, wauguzi na mabwana shamba waliowahi kulazwa kwa sonona, na leo wanafanya kazi zao, na majirani walishasahau.

Kambi ya maombi siipingi kwa kuwa ni ya maombi. Wagonjwa wangu wengi wanaswali, wanaomba, wanasomewa kisomo, na imani imewashika mkono mahali ambapo mimi sikuweza kufika. Ninayoyapinga ni mambo matatu mahususi, na mama anaweza kumuuliza mchungaji wake moja kwa moja. La kwanza ni mfungo: mtu anayekula vijiko viwili ameshafunga miezi miwili, na kumwongezea siku 40 ni kuuhatarisha mwili wake. La pili ni kuachishwa dawa kama ishara ya imani. La tatu ni kufungwa kamba au minyororo, kuchapwa, au kufungiwa, jambo ambalo bado linatokea katika baadhi ya kambi na ambalo hakuna mgonjwa anayelistahili. Mchungaji akikubali kuja kumwombea mgonjwa kitandani hospitalini, mkaribisheni kwa mikono miwili. Nimewahi kuahirisha mzunguko wangu wa wodi ili sala iishe, na mgonjwa yule alikula chakula cha mchana siku ile kwa mara ya kwanza.

Kituo cha Nairobi ndicho nisichokiafiki, hata kama bustani ni nzuri. Mpango wa siku 90 una asili yake kwenye tiba ya uraibu wa pombe na dawa za kulevya, ambako mtu hujifunza kuishi bila kilevi. Hapa kwetu tunazo nyumba za upataji nafuu, zile ambazo watu huziita soba hausi, zinazofuata mfano huo na kuokoa vijana wengi. Sonona haina kalenda hiyo. Mgonjwa aliyepata nafuu wiki ya nne hana sababu ya kukaa mpaka wiki ya 13 mbali na mtoto wake kwa kuwa fedha zimeshalipwa, na mgonjwa aliyezidiwa siku ya pili anahitaji hospitali, si bustani. Binamu yako awaulize kwa simu: daktari bingwa wa magonjwa ya akili yupo kituoni siku ngapi kwa wiki, na jina lake limesajiliwa kwenye baraza la madaktari? Saa nane usiku nani yuko macho, ni muuguzi aliyesomea au ni mlinzi? Wagonjwa wa sonona wanachanganywa na wa uraibu? Ndugu wanaruhusiwa kumwona na kuongea naye kwa simu kuanzia siku ya kwanza? Akitaka kuondoka, au akiruhusiwa mapema, fedha zinarudi? Kituo kizuri hujibu maswali haya bila kukasirika, na Nairobi vipo vituo vizuri. Lakini ukiongeza umbali, mpaka wa nchi, na ukweli kwamba kama ni mwalimu wa serikali bima yake ya NHIF ni ya kutumika hapa nyumbani, sioni kwa nini muuze kiwanja kulipia kitu ambacho Morogoro, Dodoma au Dar es Salaam kinapatikana. Kama mna fedha za kutumia, nitawaambia chini mzitumie wapi.

Katika hospitali kubwa mnaweza kusikia ikitajwa tiba ya umeme, yaani kupitisha umeme kidogo ubongoni, hasa kama ameacha kabisa kula na kunywa. Tiba hii ipo tangu mwaka 1938, na inapofanywa inavyotakiwa, mgonjwa huwa amelazwa usingizi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, hahisi kitu, na akiamka huweza kuwa na kichwa kizito na kusahau mambo ya karibuni kwa muda. Kwa sonona inayoutishia uhai hakuna tiba yenye nguvu kuizidi. Mnayo haki ya kuuliza itafanywaje, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa na kukubali au kukataa.

Ridhaa yake ndiyo ninayoitamani kuliko yote. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008 inatambua mtu anayelazwa kwa hiari yake, na inaweka utaratibu wa kumlaza asiyekubali wakati maisha yake au ya wengine yapo hatarini. Utaratibu huo upo kwa ajili ya siku mbaya, na mkifika huko fuateni maelekezo ya hospitali bila kumdanganya mgonjwa. Nakusihi, msimwambie mnakwenda kumsalimia shangazi kisha gari likakata kona kuingia hospitalini. Uongo huo huwapatia kitanda leo na kuwanyima imani yake kwa miaka. Mwambie hivi, kwa maneno yako mwenyewe: umechoka, na sisi tumechoka kukulinda peke yetu, twende wakusaidie kulala na kula kwa wiki mbili tatu, mimi nitakuja kila siku ninayoweza, na mtoto yuko kwangu mpaka urudi kumchukua. Hayo maneno ya mwisho, urudi kumchukua, msiyaache.

Na kama kuna jambo lilishatokea ambalo mnalificha, mwelezeni daktari. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotaja kujaribu kujiua kuwa kosa, kimewafanya ndugu wengi waseme mgonjwa alikosea dawa au aliteleza. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba, nami naomba nasi tufike huko. Daktari aliyefichwa ukweli kwa maelezo ya uongo hawezi kumlinda mgonjwa. Anaweza kumruhusu siku ambayo hakupaswa kuruhusiwa.

Sasa zile fedha. Kipindi cha hatari kubwa kuliko chote ni siku na wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa kutoka wodini. Tafiti za nchi nyingi zimelikuta jambo hili, na ndugu wengi hawaambiwi. Wao huona amerudi, amenenepa kidogo, anatabasamu, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Mgonjwa anajikuta peke yake saa tano asubuhi ndani ya nyumba ile ile, shida zile zile zikiwa zimemsubiri mlangoni. Kwa hiyo kabla hajatoka, dai miadi ya kliniki ndani ya siku saba, iwe imeandikwa tarehe, na mjue dawa zinachukuliwa wapi. Tumieni fedha zenu kumlipa mtu wa kushinda naye mwezi wa kwanza, nauli za kliniki, na mwanasaikolojia wa kuzungumza naye kila wiki kuhusu ile ndoa na yale anayojilaumu kwayo. Dawa aendelee nayo walau miezi 9 tangu apate nafuu kamili, na siku ya kuiacha ipangwe na daktari, ipunguzwe polepole. Shuleni apelekewe mwalimu mkuu cheti cha mapumziko, na kurudi kwake kuanze kwa vipindi vichache kama uongozi utaridhia. Kama gharama zinawashinda hata hospitali ya serikali, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii iliyo hapo hapo hospitalini kabla hamjakopa.

Mtoto naye aambiwe ukweli unaomtosha: mama anaumwa, ugonjwa wake unamfanya awe na huzuni na usingizi usije, madaktari wanamsaidia, na si kosa lako. Watoto wa miaka minne hudhani kila kitu kinachotokea nyumbani wamekisababisha wao.

Leo jioni, ukishamaliza kuongea naye, andaa begi hata kama hamjaamua, ili usiku ukiwaharakisha msihangaike: kanga mbili na gauni jepesi, kandambili, sabuni na mswaki, kadi ya bima na kitambulisho, maboksi yote ya dawa alizowahi kupewa yakiwa na vidonge vilivyobaki humo humo ili daktari avihesabu, karatasi yenye mambo uliyonitajia mimi, na picha moja ya mtoto isiyo na fremu ya kioo. Zile hereni usimnyang'anye binti wa jirani mbele ya watu. Nenda kamwombe mama yake akutunzie.